Toba ya Nazi Mbovu

Mume wa shangazi yangu alisimama mbele ya kanisa akatubu kwa maneno ambayo mimi nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari langu jana yake, saa kumi na nusu alasiri, yakitoka kwenye redio ya fundi cherehani. "Mimi nilikuwa nazi mbovu, mke wangu," alisema. "Nivunje uone kama bado nanuka." Wanawake wa benchi letu waligeuka wote kwa pamoja wakanitazama mimi badala ya kumtazama yeye, kwa sababu walijua daftari liko kwangu.

Iringa haioti minazi. Wengi waliokuwa kanisani asubuhi ile waliijua nazi ile kavu ya dukani tu, na wapo ambao hata hiyo hawakuwahi kuishika. Mtu wa Kihesa, pale pembeni ya Iringa, akitaka kusema ameoza, ana viazi, ana mahindi yaliyopigwa na mvua ghalani, ana mengi ya kujifananisha nayo. Ndiyo maana neno lile lilitushtua.

Nieleze tangu mwanzo. Ilikuwa miaka ya mwisho ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ualimu nikapangiwa madarasa ya chini katika shule moja karibu na Kihesa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Kwetu ni Mbeya, na sisi ni Wasafwa, lakini dada mkubwa wa baba yangu alikuwa ameolewa na Mhehe wa Kihesa, kwa hiyo nikaenda kukaa kwake. Nilimkuta akiishi peke yake.

Mumewe alikuwa ameondoka miaka minane kabla. Aliuza ng'ombe wawili bila kumwambia mtu, akajiandikisha kwenda kukata mkonge Tanga. Mwaka wa kwanza ilikuja barua moja. Baada ya hapo, kimya. Mwaka wa tatu binti yao wa pekee, mtoto wa miaka minne, alikufa kwa surua. Habari zilipelekwa Tanga kwa mkono wa vijana wawili waliokuwa wakienda huko, na waliporudi walisema walimfikishia. Hakuja, wala hakujibu.

Shangazi alibaki na nyumba na shamba, lakini vyote vilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe. Miaka yote minane alilima mwenyewe, akapanda miti mpakani, akaezeka upya mara mbili. Mashemeji zake walimvumilia kwa sababu alikuwa mke wa ndugu yao. Siku ndugu yao akirudi naye akamkataa, hangekuwa mke wa mtu pale, na angerudi Mbeya na mzigo wa kichwani. Akimkubali, na yule bwana akiwa ni yule yule, angeuza kilichobaki kama alivyouza ng'ombe. Shangazi aliliona hilo waziwazi. Alinieleza siku ya kwanza niliyofika, kabla hata hajanionyesha pa kulala, kama mtu anayemwonya mgeni kuhusu mbwa.

Sasa redio. Fundi cherehani jirani yetu alikuwa na redio ya kwanza upande wetu, yenye betri kubwa kama tofali na waya uliofungwa juu ya mkaratusi. Aliiwasha kwa kipimo, ili betri isiishe. Jumamosi aliiwasha kwa ajili ya mchezo wa kuigiza uliokuwa ukiendelea wiki hadi wiki, na wanawake kumi hivi wa jirani walikuja na kazi zao za mikono wakakaa barazani pake. Wengine walikuwa Wahehe, wengine Wabena. Kiswahili walikijua cha sokoni na cha kanisani. Kiswahili cha waigizaji kilikuwa cha pwani, chenye mbio na mafumbo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kueleza kwa ufupi kila muziki ulipopigwa kati ya sehemu na sehemu. Baadaye nilianza kuandika, kwa sababu waliokosa walikuwa wakinifuata mpaka mlangoni pa darasa. "Mwalimu, juzi ilikuwaje? Alimpiga au hakumpiga?" Watoto walikuwa wakicheka. Nikanunua daftari.

Mchezo ulihusu karani wa bandarini, mke wake, na mama yake karani. Karani alikuwa mwongo wa kila siku. Alimdanganya mkewe juu ya kazi, akamdanganya mwajiri juu ya ugonjwa, akaweka mwanamke mwingine mtaa wa pili. Mama yake alikuwa adui wa mkaza mwana wake tangu mchezo ulipoanza. Hakula chakula cha mikono yake. Alikuja na kibakuli chake mwenyewe kimefunikwa kitambaa.

Lakini yule mama alianza kubadilika, na alibadilika kwa namna iliyotufunga kwenye baraza lile. Kwanza aliacha kubeba kibakuli, akasema anafunga. Wiki kadhaa baadaye aliuliza, kama asiyejali, pilipili ya mchuzi imenunuliwa wapi. Kisha alileta unga akasema umebaki tu, panya wataula. Hakuomba radhi hata mara moja. Jirani yetu mmoja, mjane wa Kibena aliyekuwa akiuza viazi, alisema, "Huyu mama anabadilika kama mahindi yanavyokauka shambani. Ukiangalia kila siku huoni kitu. Siku moja unagusa, yameiva."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa pale barazani wakati mume wa shangazi aliporudi.

Alirudi siku ya Alhamisi kwa basi la Dodoma, na sanduku la bati na kofia iliyoshonwa kwa mkono, ile ya watu wa pwani. Shangazi alikuwa akitwanga. "Kamwene," yule bwana alisema, salamu ya Kihehe. Shangazi alijibu "Kamwene" kama anavyojibiwa mpita njia, akaendelea kutwanga. Yule bwana alisimama hapo kwa muda wa mapigo ishirini ya mchi, nilihesabu, kisha akabeba sanduku lake akaenda kwa kaka yake.

Ijumaa alikwenda kwa mzee wa kanisa kuomba kutubu. Katika kanisa letu la Kilutheri, mtu aliyeacha nyumba yake aliwekwa nje ya meza ya Bwana, na akikaa ibadani alikaa benchi la mwisho. Akitaka kurudi alipaswa kuhudhuria mafundisho, kisha asimame mbele ya watu wote, ataje makosa yake kwa majina yake, na aliyekosewa aulizwe kama amesikia. Wakishikana mikono, mambo yamekwisha. Mzee wa kanisa alikuwa rafiki wa baba wa yule bwana. Alifurahi mno kumwona hai, akamwambia asimame Jumapili hiyo hiyo.

Jumamosi, mbele ya redio, karani naye alitubu. Alikuja mlangoni kwa mkewe, akasema yeye alikuwa nazi mbovu, avunjwe waone kama bado ananuka. Mkewe akalia. Muziki ukapigwa. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi.

Fundi alizima redio. Mjane akalipuka.

"Nini hii? Wiki iliyopita alikuwa anamficha mwanamke nyuma ya pazia! Leo nazi!"

"Labda watungaji wamechoka, mama," fundi alisema huku akikunja waya.

"Wamechoka wao? Sisi tuliokaa kwenye baridi hii miezi mitano hatujachoka?"

"Mume wako angerudi leo usingemkaribisha?" mwanamke mwingine alimchokoza.

"Mume wangu yuko kaburini. Akirudi leo nitakimbia mpaka Tosamaganga!"

Wote walicheka isipokuwa shangazi. Alikuwa akikunja ukili wa mkeka wake polepole. Alisema, bila kumwelekea mtu, "Aliyerudi kwa siku moja ataondoka kwa siku moja." Akasimama akaenda nyumbani kubandika maharage.

Kesho yake ndiyo ile Jumapili. Jambo la kwanza lililotutia shaka lilikuwa lugha. Toba kanisani kwetu ilifanywa kwa Kihehe, ili mabibi wa benchi la mbele wasikie kila kitu. Yule bwana alianza kwa Kihehe, akasema amemkosea Mungu na mkewe, akataja ng'ombe, ulevi na miaka minane, kisha akageuka kumwelekea shangazi na kuendelea kwa Kiswahili, kile cha redioni, kwa sauti ya kuinuka na kushuka. Nazi mbovu. Nivunje. Mabibi wa mbele walitazamana. Sisi wa benchi la kati hatukuhitaji kutafsiriwa.

Mzee wa kanisa akamgeukia shangazi. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia," shangazi alijibu. "Na jana nilisikia."

Kikohozi cha kuficha kicheko kilipita kwenye benchi letu. Mzee hakuelewa. "Basi, umemsamehe?"

"Kusamehe nimesamehe. Nyumbani bado."

"Mama, hapa hatugawi jambo nusu nusu."

Shangazi hakuinua sauti. Alisema, "Mzee, mwaka juzi dada yule pale alikaa kwenye mafundisho miezi mitatu kabla hujamsimamisha. Huyu amefundishwa kuanzia Ijumaa hadi Jumamosi. Kama kanisa lina darasa, na mimi nina darasa."

Kila mtu kanisani alijua ni kweli. Mzee aliangalia chini, akafunga kitabu chake, akasema ndugu yetu atakaa benchi la mwisho miezi mitatu kama wengine wote. Yule bwana alirudi nyuma akakaa. Hakuonyesha hasira, na hilo nalo tulilitilia shaka.

Jumatatu nilianza kuulizia. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kujua maneno yale yametoka wapi.

Nilianza kwa fundi. Aliniambia kwamba Jumamosi, wakati mchezo ukiendelea, mtu mwenye kofia ya pwani alisimama nje ya ua karibu na mkaratusi. "Nilidhani ni mteja. Nikamwonyesha ishara asubiri. Nilipotoka hakuwepo." Kwa hiyo alisikia. Nikaona kesi imekwisha.

Kisha nikaenda kwa mzee wa kanisa, naye akaivuruga. Alisema yule bwana alipokuja kwake Ijumaa alikuwa tayari na maneno ya nazi mdomoni, tena yeye mzee aliyapenda. Kama ni hivyo, aliyasema siku moja kabla ya redio.

"Una hakika ilikuwa Ijumaa, mzee?"

"Ijumaa. Nilikuwa nanoa shoka."

Mke wake aliitikia kutoka jikoni. "Shoka ulinoa Jumamosi, baba. Ijumaa ulikwenda kwenye msiba."

"Nilinoa Ijumaa kabla ya msiba."

"Na Jumamosi ulinoa nini?"

Niliwaacha wakilijadili shoka. Waliendelea kulijadili, nilivyosikia, kwa wiki nzima.

Mwisho nilimuuliza mwenyewe. Nilimkuta akichimba matuta kwenye shamba la shangazi, maana tangu Jumatatu ile alikuja kila asubuhi bila kuitwa. Alisimama akaegemea jembe.

"Mwalimu, Tanga kila mtu anasema nazi mbovu. Wapagazi wanasema, wakata mkonge wanasema, hata mpishi wetu alikuwa akisema. Redio imechukua kwao."

"Na 'nivunje uone kama bado nanuka'?"

Aligonga udongo kwenye jembe. "Hilo nalo wanasema," akajibu, akainama kuchimba.

Niliandika majibu yote matatu kwenye kurasa za nyuma za daftari. Yalipatana kwa jambo moja tu, kwamba kila mmoja alikuwa na sababu ya kusema alichosema. Nilipomsomea shangazi, alinisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta.

"Maneno hayana kosa, mwanangu," alisema. "Hata mimi mahari yangu ililetwa kwa maneno ya kuazima. Kinachonikaa hapa ni kingine. Alitaja ng'ombe, akataja ulevi, akataja miaka. Mtoto hakumtaja."

Nilifungua daftari. Karani wa redio hakuwa na mtoto.

Miezi mitatu ile niliiandika kama nilivyoandika mchezo. Yule bwana alikuja alfajiri akaondoka jua likiwa upande. Shangazi hakumpikia. Mchana alikula viazi alivyochoma mwenyewe kwenye mabua, pembeni ya shamba, huku sisi tukila ndani. Hakuomba chumvi. Wiki ya pili alitengeneza mlango wa jiko uliokuwa ukilia. Wiki ya nne alimuuliza mjane wa Kibena, si shangazi, kaburi la mtoto liko wapi. Siku chache baadaye tukalikuta limepaliliwa, na mawe meupe yamepangwa kulizunguka.

Nilifurahi. Nilidhani shangazi naye angefurahi. Alisimama pale na ndoo yake ya maji kichwani akayatazama mawe.

"Kaburi hili liko kando ya njia yangu ya mtoni," alisema. "Alijua nitapita."

"Shangazi, lingekuwa mbali ungeridhika?"

"Ningeridhika kama ningelijua kwa kuambiwa na mwingine, mwaka mwingine."

Masika yalipokolea, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulijaa kila nyumba. Mianzi iligemwa asubuhi na jioni, na kaka zake yule bwana walikaa uani kwao na vibuyu kuanzia mchana. Tulikuwa tukisubiri. Ulanzi ndio ulioanza kumtoa nyumbani, kabla ya mkonge. Mjane alituletea habari akihema.

"Amekunywa."

Shangazi aliacha kisu. "Kiasi gani?"

"Kikombe kimoja. Wakamjazia cha pili, akasema kesho ana matuta. Wakamcheka mpaka wakachoka. Akaondoka."

Shangazi alifikiri. "Heri asingekunywa."

"Aa, wifi! Asingekunywa kabisa ningeogopa mimi. Mtu aliyeacha kila kitu siku moja anakuwa kama yule karani. Huyu kanywa kimoja, kaacha kimoja. Hiyo ndiyo ya yule mama wa kibakuli."

Hilo lilikuwa neno zito kwetu, kwa sababu mchezo wa redio ulikuwa umetuangusha vibaya. Baada ya toba yake, karani alikaa wiki mbili akiwa mume mwema asiye na la kusema, kisha tukaambiwa tu, kwa sentensi moja, kwamba amehamishiwa kituo kingine. Hatukumsikia tena. Hatukujua kama alishika toba yake au la. Miezi mitano ya uongo wake, na malipo yetu yakawa uhamisho! Fundi alisema labda mwigizaji ameshikwa na malaria. Mjane alisema kama ni malaria basi wangemuuguza humo humo redioni, tungesikia na kumhurumia. Mimi niliandika kwenye daftari: *Ameondoka. Hawakutuonyesha.*

Mama mkwe watungaji hawakumharibu. Katika sehemu ya mwisho aliugua, na mkaza mwana wake akamletea uji. Tulisikia kijiko. Tulisubiri aombe msamaha, na nadhani kila mmoja wetu aliogopa kwamba ataomba, kwa maneno mengi kama ya mwanawe. Yule mama alisema, "Chumvi imezidi." Kisha tukasikia kijiko tena, na tena, mpaka kikakwaruza chini ya bakuli. Ulikuwa ndio mwisho. Wanawake wazima walilia barazani, na fundi alisahau kuzima redio. Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho na pembe ya kitenge. Sikuwahi kumsikia akicheka vile.

Yule bwana alimaliza mafundisho yake na kusimama tena kanisani. Safari hii alisema kwa Kihehe tupu, maneno machache, akamtaja mtoto kwa jina lake. Shangazi alishika mkono wake. Bado hakumwita nyumbani. Alisubiri mavuno. Siku mahindi ya mwisho yalipoingia ghalani, alitoka na beseni la maji ya kunawa, akaliweka mlangoni, mbele yake, akasema, "Chakula kipo." Yule bwana alinawa. Tulikula watatu, na hakuna aliyetaja neno lolote la maana jioni ile. Nilikwenda kulala nikiamini nimeona kitu ambacho redio ilishindwa kutuonyesha.

Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Mbeya. Nilifurahi kurudi kwetu, na shangazi aliniandikia kwa mkono wa watu. Nyumba ina mlango mpya. Ng'ombe mmoja amenunuliwa. Yeye haondoki. Barua zote zilikuwa za namna hiyo, na zote zilikuwa na neno "mpaka sasa" mahali fulani.

Kipupwe cha mwaka uliofuata, asubuhi yenye umande ulioganda juu ya majani, nilikuwa stendi ya mabasi ya Mbeya nikisubiri kifurushi cha vitabu vya shule. Basi la Iringa likaingia. Yule bwana akashuka. Alikuwa na gunia la mahindi, kama debe mbili, na kwapani blanketi jipya jekundu, bado limefungwa kamba ya dukani.

Nilimsalimia. Hakushtuka. Hilo ndilo nililolikumbuka baadaye kuliko mengine yote.

"Mwalimu! Hamjambo huku? Baridi yenu inauma kuliko yetu."

"Hatujambo. Umekuja kwetu? Baba hakuniambia."

"Sikuja kwenu. Nimepita tu." Alilihamisha gunia bega la pili. "Usimwandikie shangazi yako. Nitamwambia mwenyewe."

"Hajui uko hapa?"

"Anajua nimesafiri. Nitamwambia mwenyewe, mwalimu. Nipe nafasi hiyo."

Akaenda. Hakuelekea mjini. Alishika barabara ya kwenda Tukuyu, kwa miguu, na mtu mwenye gunia la mahindi haendi Tukuyu kwa miguu, kwa hiyo alikokwenda ni karibu. Nilimtazama mpaka kona. Nilitamani kumfuata, lakini kifurushi kilikuwa kimeshashushwa, vitabu vya watoto sitini na wawili miguuni pangu.

Sikuandika barua. Niliona kama nikiandika nitakuwa nimemnyima nafasi ile, na kama nisipoandika nitakuwa nimemsaliti shangazi. Nilibaki katikati mpaka likizo ya Krismasi, nikapanda basi kwenda Iringa nikiwa na nia ya kusema.

Sikuhitaji. Shangazi alianza mwenyewe, siku ya pili, tukiwa tunachambua maharage.

"Ameniambia alikuona stendi."

Nilishusha pumzi. "Alikuambia?"

"Jioni ile ile aliyorudi. Alisema alikwenda kumshukuru mwanamke mmoja mzee. Miaka ile akitoka Tanga, kabla ya kuja hapa, alizunguka mpaka Mbeya kutafuta kazi, akaugua, huyo bibi akamtunza nyumbani kwake. Akampelekea mahindi."

Nilijaribu kuweka hilo mahali pake. Tulijua alikuja Iringa kwa basi la Dodoma. Basi la Dodoma halitoki Mbeya. Lakini mtu anaweza kuzunguka, na anaweza kuwa aliugua mwaka mwingine, na shangazi huenda hakusimulia kama alivyosimuliwa. Nilifikiri hayo yote huku mikono yangu ikitoa mawe kwenye maharage.

"Ulimwona?" shangazi aliuliza. "Alikuwa na mahindi?"

"Alikuwa nayo. Kama debe mbili."

"Debe mbili ndizo zilizotoka ghalani. Nilipima." Uso wake ulilegea. Alikuwa amelima shamba lile na mtu mwingine kwa misimu miwili sasa, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. "Basi," alisema. "Amesema kweli."

Yule bwana alikuwa nje akimfunga ng'ombe. Tulimsikia akimsemesha kwa Kihehe, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nikarudi kwenye maharage.

Niliporudi Mbeya nilikwenda barabara ile ya Tukuyu Jumamosi mbili. Niliulizia mwanamke mzee aliyewahi kumtunza Mhehe mgonjwa. Nyumba ya kwanza walisema hawajui. Ya pili walisema bibi wa namna hiyo alikuwepo, amefariki zamani, nyumba yake ni ile ya jirani, na aliyekaa pale sasa ni mwanamke mwingine, amekwenda shambani. Nilisubiri mlangoni pake mpaka mvua ikaanza, nikaondoka bila kumwona. Mlango ulikuwa umefungwa, na uani hapakuwa na nguo iliyoanikwa. Shangazi aliambiwa habari za mahindi, na mahindi yalipimwa. Lile blanketi jekundu hakuna aliyemtajia, si yule bwana wala mimi, na sijui mpaka leo lilimfunika nani.